Vuga, Roma na Kipimo cha Watawaliwa

Katika enzi ya Wakilindi, ukoo wa wafalme wa Usambara, mfalme alipofariki Vuga, makao yake makuu, wananchi hawakuambiwa. Wazee wachache waliokuwa karibu naye walikaa na siri hiyo, wakatuma watu Bumbuli kumwita mwanawe, na mwana akapanda njia za mlimani usiku mpaka akaingizwa katika nyumba ya baba yake. Ndipo msiba ulipotangazwa, na mtu aliyesikia kwamba simba ameanguka alisikia papo hapo kwamba simba yupo. Hivyo ndivyo masimulizi yanavyoeleza kifo cha Mbegha mwenyewe, mwanzilishi wa ukoo, na kutawazwa kwa mwanawe Bughe. Bumbuli ikabaki na heshima hiyo ya kale ya kuwa makao ya mrithi.

Mwanahistoria wa Kirumi Titus Livius ana kisa kinachofanana na hicho kiasi cha kumshtua msomaji aliyekulia milima ya Usambara. Mfalme Tarquinius Priscus amepigwa shoka kichwani ndani ya nyumba yake. Mkewe, Tanaquil, anaamuru milango ifungwe, anakwenda kwenye dirisha la juu na kuwatuliza watu waliojaa barabarani: mfalme amezirai tu, kidonda kimesafishwa, mtamwona karibuni, kwa sasa msikilizeni Servius Tullius. Servius anakaa kwenye kiti cha hukumu, anaamua baadhi ya mashauri, mengine anasema atakwenda kumuuliza mfalme. Mfalme ni maiti. Kilio kinapopigwa baada ya siku chache, Servius amekwisha kuzoeleka kitini.

Kati ya visa hivi viwili ipo miaka zaidi ya 2,000, na hakuna anayeweza kusema kwamba wazee wa Vuga walisikia habari za Tanaquil. Walifikiri wenyewe wakafika palepale. Kwa nini? Jibu la haraka ni kwamba waliogopa ndugu wa marehemu kugombea kiti. Ni kweli, lakini nadhani lipo jambo kubwa zaidi. Usiku ule, Vuga haina mfalme, wala Roma haina mfalme. Hata hivyo walinzi wamesimama mahali pao, ng'ombe wamefungiwa, mwenye kesi anangoja asubuhi ashtaki. Watu wanamtii mtu ambaye hayupo. Maana yake ni kwamba utii haukuwa ukitoka kwake. Ulikuwa ndani yao muda wote, naye alikuwa akiupokea tu. Hilo ndilo watawala wa Vuga na wa Roma hawakutaka lionekane mchana.

Nimelifikiria sana jambo hilo kwa sababu linageuza swali ambalo watu huuliza kuhusu Warumi. Swali la kawaida ni: Roma imetuachia nini? Na jibu la kawaida ni orodha: barabara, matao, sheria, miezi ya mwaka, herufi hizi ninazoandikia. Lakini ikiwa nguvu ya dola inakaa kwa watawaliwa, basi urithi wake nao utafutwe kwa watawaliwa. Nataka kuutafuta huko, na nataka Vuga inisaidie, kwa kuwa Vuga ni jirani na Roma iko mbali.

Mbegha alizaliwa Ngulu, na meno ya juu yakatangulia kuota. Mtoto wa namna hiyo ni kigego, na kigego katika nchi nyingi za huku kwetu alihesabiwa mkosi wa ukoo mzima. Wengi waliuawa wangali wachanga. Wazazi wake walimficha. Walipofariki, ndugu wakamnyima urithi kwa sababu ya meno yale. Akaenda Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkuu wa huko, mtoto huyo akauawa na nguruwe mwitu mawindoni, na Mbegha akakimbia tena. Alipotokea Zirai, katika milima ya Usambara, alikuwa mtu asiye na ukoo nyuma yake. Alikuwa na mbwa, mikuki na wenzake wachache wa kuwinda. Watu waliona moshi wa moto wake wakaufuata. Nguruwe walikuwa wakiwamalizia mashamba. Yeye aliwaua nguruwe, akagawa nyama, akapokea chakula cha shambani. Bumbuli ikamkaribisha, kisha Vuga ikamwita. Njiani kwenda Vuga akaua simba, na kutoka hapo watu wakamwita Simba Mwene.

Romulus naye ni mtoto wa kutupwa. Baba mdogo wa mama yake, Amulius, aliyempokonya ndugu yake ufalme, aliamuru mapacha Romulus na Remus watoswe katika mto Tiber. Maji yakawaacha ukingoni, mbwamwitu jike akawanyonyesha, mchungaji akawalea. Romulus alipojenga mji wake, kwa mapokeo mwaka 753 kabla ya Kristo, hakuwa na watu wa kuujaza. Akafungua kilimani mahali pa kimbilio, na kila aliyefukuzwa kwao, huru au mtumwa, akapokelewa. Wananchi wa kwanza wa Roma, kwa maelezo ya Warumi wenyewe, ni wakimbizi na watoro.

Habari za Mbegha tunazo kwa wino kwa sababu ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, aliyeishi karibu na mabwana wa Kikilindi na kuandika *Habari za Wakilindi*, kitabu kilichochapishwa kwanza na wamisionari wa Kiingereza huko Magila. Wanahistoria wanaukadiria mwanzo wa ufalme huo katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, na hawachukui kila kisa kama kilivyo. Livius pia, katika dibaji yake, anasema habari za kabla ya kujengwa mji hatazithibitisha wala hatazikanusha. Ni msimamo wa busara, nami naufuata. Ninachotaka kujua ni kwa nini watu wawe na fahari ya kusema kwamba aliyewaanzishia dola alikuwa mtoto wa kutupwa.

Fikiria kijiji cha koo tano. Mgogoro wa mpaka unapozuka kati ya koo mbili, nani ataamua? Mzee wa ukoo wowote atakuwa na shemeji upande huu au deni upande ule. Hata akihukumu kwa haki, atakayeshindwa hataamini. Mgeni asiye na ukoo hana mpaka wa kugombea. Kile kilichomfanya Mbegha afukuzwe Ngulu, yaani kukosa ndugu wa kumtetea, ndicho kilichomfanya afae Usambara. Warumi walilijua jambo hilo kiasi cha kulitumia kama hoja ya kisiasa. Mwaka 48 baada ya Kristo, mfalme Claudius alisimama katika Baraza la Seneti kutetea wakuu wa Galia, nchi ambayo leo ni Ufaransa, wakubaliwe kuwa wajumbe. Wapo waliochukia. Akawakumbusha wafalme wao wa mwanzo: Numa alitoka kwa Wasabini, Tarquinius baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Korintho, Servius Tullius alisemwa kuwa mtoto wa mateka. Hotuba hiyo ilichorwa kwenye bamba la shaba, na mwaka 1528 vipande vyake vikafukuliwa Lyon, ambapo bado vinaonekana. Mwaka 212 mfalme Caracalla akawapa uraia karibu watu wote huru waliokuwa chini ya dola. Kisa cha mtoto wa kutupwa kilikuwa kimeuweka mlango wazi kwa miaka mia tisa.

Mlango wa Vuga uliwekwa wazi kwa njia nyingine, nayo kwa maoni yangu ni ya kiungwana zaidi. Roma ya Romulus haikuwa na wanawake, basi ikawaalika Wasabini kwenye sherehe ikawanyakua mabinti zao. Vita vikafuata, na wanawake walewale waliotekwa wakasimama katikati ya mikuki ya baba zao na mikuki ya waume zao, wakawapatanisha. Mbegha hakunyakua. Koo zilimpa wake. Kila ukoo uliompa binti ulijua kwamba watoto watakaozaliwa watakuwa Wakilindi kwa baba, lakini kwa mama watakuwa wa ukoo wao, na siku mmoja wao atakapotumwa kutawala sehemu fulani kama zumbe, wajomba zake watakuwa wamemzunguka, wakimsaidia na kumwangalia. Utawala wa Wakilindi ulitandazwa mlimani hivyo: mtoto wa mfalme akitawala kwa wajomba zake. Kwa hiyo mgeni hakuishia kuwa mgeni, wala mwenyeji hakuishia kuwa mtawaliwa mtupu. Ukitaka kuona tofauti ya hali ya kisiasa kati ya visa hivi viwili, mtazame mwanamke. Kule ni ngawira, huku ni mkataba.

Najua msomaji atauliza kama Roma yenyewe iliwahi kufika huku. Ilifika pwani, kwa mikono ya wafanyabiashara. Kitabu cha mabaharia cha Kigiriki cha karne ya kwanza, *Periplus*, kilichoandikwa Misri ikiwa chini ya Warumi, kinaitaja bandari ya Rhapta, ya mwisho katika pwani ya Azania: pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa yalitoka, mikuki, shoka, visu na vioo vikaingia. Wataalamu wanavutana kama Rhapta ilikuwa Pangani au delta ya Rufiji, ambako mwanaakiolojia wetu Felix Chami amechimba na kupata shanga za asili ya Kirumi. Ikiwa ilikuwa Pangani, basi wapo walioiona milima hii ya Usambara kwa mbali wakati mfalme Nero akitawala Roma. Baadaye Roma iliendelea kuingia kwa njia za pembeni. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Vuga mwaka 1848 na tena 1852 kumtembelea mfalme Kimweri ye Nyumbai, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuandika sarufi ya Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Wasomi wa mimea waliupa mti wa mkulo jina la Kilatini, *Ocotea usambarensis*, na ndilo linalotumika popote duniani mti huo unapotajwa vitabuni, ukiwemo ule ulio katika msitu wa Mazumbai, wa Chuo Kikuu cha Sokoine, usio mbali na Bumbuli. Waislamu wa milimani wanaijua Roma ya mashariki kwa jina la Rum, kwa sababu sura ya 30 ya Kurani imepewa jina hilo. Walutheri wanaijua kwa Kaisari na kwa Pilato.

Hayo yote ni kweli na yana ladha yake, lakini ni mabaki. Herufi inaweza kutumika bila mtumiaji kujua ilikotoka, na haimbadilishi. Ninatafuta kitu kilichombadilisha mtawaliwa.

Katika Usambara wanasema nchi inaweza kubanwa na inaweza kuponywa: *kubana shi*, *kuzifya shi*. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti mlimani tangu miaka ya 1960 na kukaa na wazee wakimsimulia, aliyaweka maneno hayo katikati ya maelezo yake yote kuhusu siasa za Wasambaa. Nchi ikiponywa, mvua inanyesha kwa wakati, mazao yanakubali, wanawake wanazaa, watoto wanaishi. Ikibanwa, ni jua, njaa na mauti. Mfalme mwenye nguvu asiye na mshindani huiponya nchi, kwa kuwa nguvu zake na mvua yake vinakwenda pamoja. Wakuu wawili wanaposhindana, nguvu kwa nguvu, nchi inaumia katikati yao. Warumi walikuwa na fikra ya jamaa hiyo. Amani na miungu ilikuwa kazi ya dola. Ikivunjika, tauni na njaa vilikuja, na makuhani walitafuta ni nani aliyekosa. Mshairi Horatius, akiishi katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, alisema kwamba Warumi wanalipa damu ya Remus aliyeuawa na ndugu yake siku ya kujenga mji.

Mtu anaweza kuziona imani hizi kama mtego wa watawala: mfalme anajidai ana mvua, watu wanaogopa, wanalipa kodi. Sikatai kwamba zilitumika hivyo. Lakini angalia upande wa pili. Mfalme anayedai kwamba yeye ndiye mvua amewapa watu kipimo cha kumpimia, na hawezi kukichukua tena. Mvua isiponyesha, kila bibi mwenye jembe anajua nani wa kuulizwa. Hahitaji kusoma, hahitaji kuwa mjumbe wa baraza. Anatazama mahindi yake yaliyonyauka na anajua kwamba utawala una kasoro. Nadhani hilo ndilo jambo la maana kuliko yote ambalo dola yoyote huacha: kipimo ambacho watawaliwa wanakichukua kutoka kwa mtawala, wanakwenda nacho nyumbani, na siku moja wanarudi nacho mlangoni kwake.

Roma iliacha kipimo cha aina yake, nacho kilikuwa sheria. Mwaka 70 kabla ya Kristo watu wa Sisilia, waliokuwa chini ya Roma na waliotozwa hadi kukamuliwa, walikwenda Roma kumshtaki gavana Mrumi, Gaius Verres, katika mahakama ya Kirumi, na wakamchukua Mrumi mwingine, Cicero, awasemee. Miongoni mwa mashtaka ilikuwa habari ya Gavius, raia wa Roma ambaye Verres alimpiga viboko na kumtundika msalabani huku akilia kwamba yeye ni raia. Verres hakungoja hukumu, alikimbilia uhamishoni. Watu wa Sisilia hawakuwa na jeshi. Walichokuwa nacho ni kile Roma ilichojisifia, na wakaidai Roma iwe hivyo.

Karibu miaka 130 baadaye, Mtume Paulo alifanya jambo hilohilo peke yake. Kisa chake kiko katika Matendo ya Mitume, na katika makanisa ya Usambara kinasomwa hata na watoto. Amefungwa kamba tayari kwa viboko, anamuuliza akida wa jeshi kama ni halali kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa, na wenye viboko wanarudi nyuma. Baadaye gavana Festo anaeleza kwamba si desturi ya Warumi kumtoa mtu kabla hajakutana uso kwa uso na wanaomshtaki na kupata nafasi ya kujitetea. Wakati huo Paulo amekwisha kukata rufaa kwa Kaisari. Nimeisikia habari hiyo ikihubiriwa mara nyingi kama mfano wa imani, na ni kweli. Lakini pia ni habari ya mtu wa jimboni, Myahudi wa Tarso, anayeijua sheria ya mtawala kuliko maofisa wa mtawala huyo walivyotaka aijue.

Vuga pia ilikuwa na rufaa. Mazumbe waliamua mashauri ya kawaida katika sehemu zao, lakini kesi za kumwaga damu zilipelekwa kwa mfalme. Mtu aliyeonewa na mtoto wa mfalme aliweza kuutazama mlima wa Vuga akijua kwamba huko juu yupo baba wa huyo aliyemwonea.

Vipimo hivyo havikumfikia kila mtu, na hapo ndipo dola zote mbili zilipopasuka. Miji ya Italia iliyopigana vita vya Roma kwa vizazi bila kupewa uraia iliasi mwaka 91 kabla ya Kristo, na Roma ikashinda kwa kuwapa walichokidai. Watumwa hawakupewa. Katika Usambara, Kimweri ye Nyumbai alifariki mwaka 1862 baada ya utawala mrefu, akarithiwa na mjukuu wake Shekulwavu. Lakini Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa amekaa Mazinde, bondeni, njia ya misafara inapopita, na njia hiyo ilileta bunduki ikachukua watu. Alimshinda Shekulwavu na kumweka mwanawe mwenyewe Vuga, huku yeye akibaki Mazinde kwenye biashara. Nguvu kwa nguvu. Wabondei, waliokuwa wametawaliwa na Wakilindi bila kuwa ndugu zao kwa namna Wasambaa walivyokuwa, walisimama wakawafukuza katika maasi yaliyoitwa Kiva. Na wale waliokamatwa na kuuzwa pwani, mabinti wa koo zilizokuwa zimetoa mabinti zao kwa mkataba, hakuna aliyewasikiliza. Sioni kosa kubwa zaidi katika historia ya ukoo ule. Mbegha alikuja na nyama akawagawia watu; wazao wake wakawagawa watu.

Utawala wa kikoloni ulipofika, Wajerumani wakamnyonga Mputa, mtawala wa Vuga, mwaka 1895. Waingereza wakawarudisha Wakilindi kwenye vyeo miaka ya 1920, chini ya utawala wa kupitia wenyeji ulioenezwa na gavana Donald Cameron. Walidhani wamerudisha kitu cha kale. Walirudisha kiti, na kipimo hakikuwa kitini. Mkuu aliyepata mshahara wake kutoka serikalini hakuhitaji tena wajomba.

Jambo hilo lilionekana wazi katika habari ya matuta. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo Usambara. Kila mkulima alitakiwa kulima matuta katika miteremko, na asiyelima alitozwa faini au kufungwa. Kazi nzito iliwaangukia wanawake, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na majembe mashambani siku zote. Wakuu wa Kikilindi ndio walioamrishwa kusimamia. Wataalamu walikuwa na hoja kuhusu udongo, na hoja hiyo haikuwa ya uongo. Mvua za mlimani huteremsha shamba zima hadi mtoni. Lakini wakulima waliwatazama wakuu wao kwa kipimo cha Vuga, wakasema hawa wanaibana nchi. Mvua iliposhindwa ilikuwa ushahidi. Walikataa, walikusanyika, walijiunga katika chama cha wananchi wa Usambara na baadaye TANU, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha mpango ukaachwa. Mwaka 1963 sheria ya nchi huru ikafuta uchifu Tanganyika nzima. Wakilindi walihukumiwa kwa sheria ya Wakilindi, na waliohukumu walikuwa wakulima.

Miaka ya 1980 mradi mwingine, safari hii kwa msaada wa Ujerumani, ulihimiza hifadhi ya udongo katika Lushoto: mistari ya kontua iliyopandwa majani ya guatemala, miti, na ng'ombe wa kufungwa zizini kula majani hayo. Wakulima wengi wakakubali, kwa kuwa mstari ulioshika udongo ulilisha pia ng'ombe, na ng'ombe akatoa maziwa na samadi. Ukitoka Soni kwenda Bumbuli leo unayaona majani hayo yakikata miteremko kati ya migomba na chai. Mteremko ni uleule uliokataliwa matuta.

Kipimo cha Roma nacho kimesafiri bila Roma. Dola ya magharibi ilianguka mwaka 476, ya mashariki mwaka 1453. Katikati ya miaka hiyo, kati ya 529 na 534, mfalme Justinian alikusanya sheria za Kirumi katika vitabu, vitabu hivyo vikafundishwa Bologna, vikasambaa Ulaya. Sheria ya Kiingereza iliyoletwa Tanganyika rasmi mwaka 1920 ina asili yake yenyewe, lakini ilikuja na maneno mengi ya Kilatini, na mawakili wetu bado wanayatamka. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13, inasema kwamba haki ya mtu inapoamuliwa lazima apewe fursa kamili ya kusikilizwa. Ni lile alilolisema Festo. Na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu. Naliona badiliko hilo kuwa kubwa kuliko linavyosemwa, kwa sababu kipimo kilichoandikwa kwa lugha ya wenye cheo kinabaki kwa wenye cheo. Waplebei, yaani watu wa kawaida wa Roma, walilijua hilo zamani. Karibu mwaka 450 kabla ya Kristo walidai sheria ziandikwe zikasimamishwe hadharani, na zikachorwa katika mabamba kumi na mawili.

Kwa hiyo mkulima wa Bumbuli anayeona hakutendewa haki katika Mahakama ya Mwanzo ana njia: Mahakama ya Wilaya, Lushoto, kisha Mahakama Kuu, Tanga, kisha Mahakama ya Rufani. Ni njia ndefu kuliko ile ya Vuga. Serikali ilimpeleka Paulo kwa Kaisari kwa meli, chini ya ulinzi. Mama mjane anayegombania shamba la marehemu mumewe na shemeji zake anajilipia nauli, anaacha chai bila kuchumwa, analala kwa ndugu mjini ikiwa ana ndugu, na kesi ikiahirishwa anarudi kuanza tena. Haki yake imeandikwa, kwa lugha anayoijua. Wako wanaoifikia, na wako wanaohesabu nauli wakaamua kumwachia shemeji shamba, na hesabu zao haziingii katika kitabu chochote cha mahakama.